Nyumba Njema Si Mlango

Kuna ugonjwa umewaingia vijana wetu wanaoanza maisha, na kwa kuwa wazazi wamenyamaza, na masheikh na wachungaji wana mengi mengine ya kuhubiri, acha niuseme mimi. Kijana apata kazi, hata kama ni ya mkataba wa miezi mitatu. Atoka kwa shangazi yake Mbagala au kwa kaka yake Tandika, apanga chumba Tabata ama Sinza, na kitu cha kwanza kuvuka kizingiti cha chumba hicho ni runinga ya inchi 43. Cha pili ni sabufa. Cha tatu ni kochi. Ndoo hana, chandarua hana. Asubuhi anagonga mlango wa mpangaji mwenzake kuazima beseni la kuogea, na usiku mwenzake huyohuyo aliyemwazima beseni anakeshwa na ngoma za hiyo sabufa.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba israfu ni dhambi. Kila mwenye dini analijua hilo, aende msikitini au aende kanisani. Injili ya Luka inayo habari ya mtu atakaye kujenga mnara: hukaa kitako kwanza akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Na wazee wetu wa pwani, ambao hawakuwa na runinga ya inchi hata moja, walikwisha kutuachia neno lao: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi ndugu zangu, tufungue tuingie.

Ndani tunakuta nini? Tunakuta kochi lenye umbo la L, la kukaa watu saba, limejaza chumba ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Mwenye chumba anaishi peke yake. Hao watu sita wa kukaa naye ni akina nani? Wageni, atakujibu. Na wageni wenyewe wako wapi? Wako kazini wanatafuta kodi zao. Kochi linakaliwa na nguo za kufua, na nailoni yake ya dukani haijabanduliwa hadi leo, kana kwamba kuna siku mwenye duka atakuja kulichukua. Godoro liko chini, sakafuni, limeegemezwa ukutani mchana ili njia ipatikane. Mtu ameulaza mwili wake chini na kuwawekea watu wasiokuja kiti cha enzi!

Wala msidhani kijana huyu ni mjinga. Mwulize bei za simu atakutajia zote. Kinachomsumbua ni macho ya watu. Anaogopa siku mmoja wa kazini kwake atakapopita mlangoni akachungulia, au yule binti atakapokuja akaona mkeka. Basi anapanga chumba kwa ajili ya yule wa mlangoni, naye wa ndani analala apatavyo. Na siku hizi hata huyo wa mlangoni si lazima aje: picha moja ya simu yatosha, taa za rangi zimewashwa nyuma ya runinga, zulia la manyoya limetandazwa, na ndoo ya maji ya kuazima imesogezwa isionekane.

Kitanda, kijana wangu. Anza na kitanda. Nenda Keko, pale mafundi walipojipanga na randa zao, useme na fundi mwenyewe kwa mdomo wako. Mafundi wale ni hazina ambayo mji huu hauijui thamani yake. Mwambie futi nne kwa sita, akuchongee kwa mninga kama mfuko unaruhusu; mti ule mchwa hauupendi, nacho kitanda chake utamrithisha mtoto. Kama mfuko hauruhusu, hakuna aibu katika mbao za paini, mradi zimekauka na zimepakwa dawa, maana mbao mbichi hujipinda na baada ya masika utalala kwenye kitanda kinacholia kila ukigeuka. Na ikiwa hata hiyo huna leo, wekeza kidogokidogo kwa fundi. Mafundi wengi wanakubali kudunduliza: leo elfu ishirini, mwisho wa mwezi elfu thelathini, na kitanda kinachongwa huku unalipa. Haba na haba.

Lakini kijana wetu hamtaki fundi. Anataka kabati linalong'aa la dukani, lenye vioo, ambalo ukiligonga kwa kidole linatoa sauti ya boksi. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, mgongoni limepigiliwa kikaratasi kigumu. Piga deki mara chache maji yafike kwenye miguu yake, utaliona linaumuka na kumenyeka. Ukihama nyumba, na mpangaji ni mtu wa kuhama, skrubu zinang'oka na tundu zake, halisimami tena. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na vingine hata mbao si mbao.

Wapo wanaokimbilia mtumba, nao siwakatazi. Viti vya mtumba na meza ya mtumba ni akili. Ila kochi la mtumba na godoro la mtumba, hapo simama. Watu husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake wakimaanisha siri za nyumba za wenzao. Mimi nakuambia juu ya kunguni hasa, mdudu mwenye miguu sita. Amejificha kwenye mishono, chini ya kitambaa cha nyuma, ndani ya tundu za misumari. Chukua tochi, geuza kochi juu chini kabla hujatoa senti, utafute vidoa vyeusi kama nukta za kalamu. Ukiviona, mwachie mwenyewe kochi lake. Kunguni akishaingia kwenye nyumba ya vyumba vinane, wapangaji wote wanaamka wanajikuna, na wewe ndiye utakayeitwa kwenye kikao.

Baada ya kitanda, chandarua chenye dawa. Nashangaa kijana wa Dar es Salaam, mji wa joto na madimbwi, anayejua kabisa kwamba mbu wa malaria huuma usiku, ananunua pazia la shela la dirishani na kulala uchi kwa mbu. Pazia linaonekana na wapita njia. Chandarua hakionekani na mtu. Siku anapolazwa, dawa, nauli na siku za kazi alizokatwa zingemnunulia chandarua cha kila chumba katika nyumba ile.

Kisha maji. Bomba la mji huu lina siku zake, hata mwenye nyumba akisema maji yapo masaa ishirini na nne. Nunua ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, dumu la kunywea na beseni. Ni vitu vya bei ya kofia ya mtindo, na bila hivyo wewe si mpangaji, ni ombaomba mwenye ufunguo. Weka na pasi, ufagio, kamba ya kuanikia. Haya hayahitaji hotuba.

Moto nao una maneno yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati hiyo. Ni jambo jema. Kijana wa chumba kimoja anaweza kuwa wa kwanza: mtungi wa gesi wa kilo 6, wenye jiko linalofungwa juu yake, unamtosha mtu mmoja kwa muda mrefu, na kila unapoufunga pitisha povu la sabuni kwenye maungio uone kama linachemka. Ila ukiwa na jiko la mkaa, nisikilize vizuri: lisiingie chumbani, mvua inyeshe vipi. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu husinzia humo akaamkia ahera. Kila msimu wa baridi nyanda za juu tunasikia habari hizi, na bado watu wanaingiza jiko ndani wapate joto.

Na friji? Nilijua mtaniuliza. Kijana analala peke yake, anakula nje, friji lake lina chupa ya maji na nusu limau. Wakati huo nyumba nzima inatumia LUKU moja. Bei za TANESCO za mwaka 2016 zilimpa mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja kwa Sh100 kabla ya makato, na kila uniti inayozidi hapo Sh350. Hebu fikiria nyumba ya wapangaji iliyokuwa ikijibana pamoja na taa zake na mafeni yake, halafu anahamia bwana mmoja na friji la mtumba lenye mpira uliochanika mlangoni, linanguruma usiku kucha. Ndiyo mwanzo wa ugomvi wa umeme ambao haumaliziki hata kwa mjumbe. Nunua friji siku utakapokuwa na cha kuweka ndani yake.

Sasa fedha za mapambo haya zinatoka wapi? Mshahara wa kwanza umekwisha mikononi mwa mwenye nyumba, aliyetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali, aliyechukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kuonyesha mlango. (Hao nao nina neno nao, siku nyingine.) Kwa hiyo runinga ni ya mkopo, na mkopo wenyewe ni wa simu, ule wananchi waliouita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya kukopesha mitandaoni yasiyo na kibali. Ilikuwa imefika mahali mdaiwa akichelewa siku moja, ujumbe wa kumwita mwizi unatumwa kwa mama yake, bosi wake na mchumba wake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu anajitia aibu mbele ya watu wote walio kwenye simu yake ili asione aibu mbele ya mgeni asiyekuja!

Nisije nikaonekana namlaumu kila kijana. Wapo, tena ni wengi, na mji huu unasimama juu ya mabega yao. Wapo wauguzi wasichana walioanza na mkeka na sufuria mbili, leo wamejaza nyumba bila kudaiwa shilingi. Wapo vijana wa Kariakoo wanaouza mashati juani kutwa, usiku wanalala kwenye kitanda chao wenyewe, kimelipwa, na kama runinga hawana wanakwenda kutazama mpira kibandani na kurudi. Hawa ndio waliosikia wazee waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Heshima yao inaonekana wanavyotembea.

Na hapa, Mhariri anisamehe, siwezi kuweka kalamu chini kabla sijasema na wazazi, kwa sababu nusu ya makosa haya ni yetu.

Binti akitaka kuolewa tunamfanyia kichenpati. Mashoga wa mama wanakuja na masufuria, hotipoti, sahani, seti za vikombe. Somo anakaa naye anamfunda. Anaingia nyumbani kwake akiwa na kila kijiko. Mtoto wa kiume je? Anatoka na begi la nguo na shati moja la kuazima, na neno la baba mlangoni: nenda kajitafutie. Hakuna aliyempa hata mwiko. Hakuna aliyemwonyesha maji ya wali yanapimwaje, wala maharage yanalowekwa saa ngapi. Miaka yote aliyokaa kwetu, akisogea jikoni dada zake wanamcheka na mama anamfukuza: toka, wewe mwanamume. Halafu tunashangaa kwamba amenunua sabufa hakununua sufuria. Sufuria angeifanyia nini?

Basi kila usiku yuko kwenye kibanda cha chipsi. Chipsi mayai leo, chipsi mayai kesho, na fedha ya chipsi za mwezi mmoja ingemnunulia mtungi wa gesi, unga, mchele na mafuta vikabaki. Na tazameni ajabu: anayemkaangia hizo chipsi ni nani? Ni mwanamume mwenzake, kajifunga aproni, jasho linamtoka, anahesabu fedha. Muuza mishikaki pembeni yake ni mwanamume. Pilau ya harusi ya Kiswahili, ile ya masufuria makubwa ya uani, aghalabu wapishi wake ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuwauliza uanaume wao wakati sahani zinapita. Jiko linakuwa la kike pale tu mwana wetu anapotakiwa ajipikie mwenyewe.

Mama, huyo kijana wako anayesema mwisho wa mwezi anahama, bado yuko hapo kwako. Mtolee sufuria moja yenye mfuniko kutoka kwenye zile zilizofungiwa kabatini tangu harusi yako, zinazosubiri wageni. Mpe kisu, mwiko, upawa, sahani mbili na mbuzi ya kukunia nazi. Na Jumapili hii wewe kaa barazani, yeye apike, baba naye ale bila kununa. Wali ukiungua, uleni hivyohivyo, na Jumapili inayofuata mrudisheni jikoni.