Jikoni Kwetu: Sombe haina njia ya mkato

Sisi wa Magarama, hapa Gitega, hatujambo. Baridi ya asubuhi tu ndiyo inatusumbua, pamoja na mkaa ambao bei yake ikipanda haijui kushuka.

Mwezi uliopita tuliuliza kwenye ukurasa huu: ni chakula gani unakipika kila juma, na bado watoto wanafurahi wakisikia harufu yake? Tulingoja orodha ndefu. Majibu yalikuja mengi, lakini chakula kikawa kilekile: sombe, maharagwe, ndagala, na bugali wa kulia. Mama mmoja wa upande wa Muyinga (tangu mikoa ibadilishwe mwaka 2025 tunaambiwa tuseme Buhumuza, lakini mdomo umeshazoea) alituma neno kwa mtu wa basi: "Waambieni mimi sina mapishi, nina sombe tu." Tulicheka, kisha tukaona amesema kweli. Basi leo ni sombe, na muhogo wenyewe unaotuzalia hiyo sombe. Maharagwe na ndagala tutavipitia haraka mwishoni.

Wenyeji wetu Warundi wanaiita isombe. Kule Kinshasa ni pondu. Tanzania ni kisamvu, na watu wa pwani wanakipika kwa tui la nazi. Hapa Magarama tuko mama saba tunaopika pamoja kila Jumamosi, na mpaka leo hatujakubaliana. Wa Fizi anataka karanga. Wa Uvira anasema bila ndagala hiyo ni majani ya mbuzi. Mwenzetu wa Minembwe anataka siagi ya ng'ombe, na mawese anayatazama kama adui. Hatutaandika hapa nani ana haki, maana gazeti hili linasomwa na waume zetu pia. Tunaandika ile namna ambayo sote saba tunaikubali, halafu kila mtu ataongeza chake.

Chuma majani machanga, yale ya juu ya tawi. Kwa nyumba ya watu saba chuma kapu lililojaa, kwa sababu majani yakitwangwa hunywea sana. Toa vikonyo, osha, tia kwenye kinu. Twanga mpaka usione tena kipande cha jani, yawe kama tope laini. Hapa ndipo mikono inachoka, na hapa ndipo wengi wetu tunaiba: tunatwanga nusu, tunasema moto utamaliza. Moto haumalizi. Yakishalainika, yasuuze kwa maji safi, kamua, maji hayo mwaga mbali na kuku. Kisha weka sombe kwenye sufuria yenye maji mengi, ichemke saa nzima au zaidi, na kifuniko kiweke pembeni. Usifunike. Tutaeleza sababu.

Maji yakipungua, tia kitunguu, intore mbili tatu zilizokatwa, pilipili kama watoto wanaiweza, na mawese nusu kikombe. Mawese usiyaunguze kwanza mpaka yawe meupe, kama wengine wanavyopenda. Ile rangi nyekundu ndiyo yenye kuupa mwili vitamini A, na ni nzuri kwa macho ya watoto. Ndagala zioshe mchanga, uzitie. Au karanga zilizosagwa, viganja viwili. Chumvi mwishoni. Moto uwe mdogo, nusu saa hivi, mpaka mafuta yaelee juu. Sombe ya leo ni tamu, ya kesho iliyopashwa moto ni tamu zaidi, na hilo hata mama wa Minembwe anakubali.

Saa moja na nusu ya moto ni mkaa mwingi, tunajua. Ndiyo maana tunapika pamoja. Kila mmoja analeta majani yake na mkaa wake kidogo, sufuria ni moja kubwa, mbabula ni moja. Ikishachemka vizuri, kila mtu anachukua fungu lake na kwenda kulitia viungo kwake. Saba tukipika mbalimbali tunamaliza mkaa wa juma zima.

Sasa tuseme jambo lililotufanya tuchukue ukurasa mzima.

Mwaka 2025, posho ilipokatwa, mmoja wetu alikuwa bado kambini na watoto watano. Alipata muhogo mchungu kwa bei ya chini, akafurahi. Anajua kazi yake, ameifanya tangu utoto: kumenya, kuloweka siku tatu nne mpaka ulainike, kuanika, kusaga. Safari hii aliloweka usiku mmoja. Akaukata vipande vidogo, akauanika juani na kando ya moto, akatwanga, akapika bugali. Mboga haikuwepo, ni maji ya chumvi na nyanya moja. Watoto walikula wakashiba. Baada ya saa chache wawili wadogo wakaanza kushika kichwa, wakatapika, miguu ikalegea wakashindwa kusimama. Majirani waliwabeba mgongoni mpaka kwenye kituo cha afya, usiku. Walipona, Mungu ashukuriwe.

Yeye mwenyewe ametuomba tuandike, ila bila jina. Alituambia hivi: "Nilijua. Mama yangu alinifundisha. Lakini siku nne ni nyingi watoto wakilia." Tulinyamaza sote. Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumjibu, na hakuna wa kumlaumu.

Maelezo yake ni haya. Muhogo, mizizi na majani, una kitu ambacho kikipondwa kinatoa sumu aina ya sayanidi. Ule mchungu unayo nyingi, mtamu kidogo, majani yote yanayo. Ukitwanga sana, sumu inaachana na jani. Ukichemsha bila kufunika, inaondoka na mvuke. Ukifunika, sehemu yake inarudi kwenye chakula. Na mzizi ukilowekwa, unachacha, unalainika, na sumu inatoka kidogo kidogo kwa siku zile. Bibi zetu hawakujua jina la sumu, lakini siku walizihesabu.

Na kuna jambo baya kuliko kutapika. Kule kwetu Kongo, eneo la Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, na jina ni la wenyeji, Wayaka, wenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Hauponi. Hauambukizi, wala si uchawi, ingawa wengi wamesingiziwa. Unawapata hasa watoto na akina mama wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, juma baada ya juma, bila maharagwe, samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kupambana na sumu. Mwaka 1981 ukame uliingia Nampula, Msumbiji, na watu zaidi ya elfu moja wakapooza namna hiyo. Umeonekana pia Kivu ya Kusini. Angalieni vizuri: njaa inapoingia, watu wanapunguza siku za kuloweka, na samaki wanakosekana, vyote kwa pamoja.

Jambo jingine ambalo sisi tulilijua kwa kuchelewa ni baridi. Uvira ni chini, kando ya Tanganyika, kuna joto, siku tatu zinatosha. Gitega hapa ni mlimani, maji ni baridi, na muhogo unachelewa kuchacha. Ukihesabu siku za Uvira ukiwa Gitega au Muyinga, unajidanganya. Usiangalie siku, bonyeza mzizi kwa vidole. Ukivunjika wenyewe kama ndizi iliyoiva, toa. Kama katikati bado ni mgumu, rudisha, hata ikiwa ni siku ya tano.

Na kama unga umeshanunuliwa sokoni na hujui uliloweshwa siku ngapi? Ipo namna iliyofundishwa huko Kwango tangu mwaka 2010, na haihitaji pesa. Jioni inakaribia, tia unga kwenye beseni, weka alama pale ulipofika. Mimina maji huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka, endelea mpaka upande tena kwenye ile alama. Tandaza unga huo mbichi kwenye ungo au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, kama upana wa kidole kidogo. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu inaruka hewani, nyingi sana inaondoka. Kisha upike bugali siku hiyohiyo, usiulaze, utaharibika. Tumejaribu. Bugali unatoka uleule, labda mweupe kidogo zaidi. Kama hali ya hewa ni ya mvua, anza mapema, uache ndani ya nyumba zile saa tano.

Kwa hiyo kwenye sombe punguza unachotaka. Mawese yakikosekana, ipike na karanga. Karanga zikikosekana, kitunguu na chumvi vitatosha, tumekula hivyo na tuko hai. Intore, pilipili, siagi, hata ndagala, vyote vinaweza kungoja mwezi mwingine. Kinu na ile saa ya kuchemsha wazi haviwezi kungoja. Na mtoto akitapika au akilegea miguu baada ya kula muhogo, usimpe maziwa ukangoja asubuhi. Mpeleke kituoni usiku huohuo na useme amekula nini.

Maharagwe, haraka haraka. Vikombe viwili kwa watu saba. Yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, tia mengine. Yachemke kwa nguvu nusu saa, yasiwe ya kuvuguvugu, maana maharagwe mabichi nayo yanaumiza tumbo. Halafu toa sufuria motoni ikiwa imefunikwa, ifunge kwa blanketi la zamani, iweke kwenye kapu lililojaa majani makavu ya mgomba. Iache saa nne. Ukifungua, maharagwe yamejipika yenyewe, na mkaa wako bado upo kwa sombe. Yakiwa bado magumu, rudisha motoni kidogo. Kitunguu, chumvi na mawese ni mwishoni. Majirani wetu wanatia ndizi mbichi na lengalenga humo humo, na tunawashukuru kwa kutufundisha, sisi tulikuwa tunazipika mbalimbali kama wageni wasiosalimiana.

Ndagala: zilizo ndogo kabisa zikaange kavu bila mafuta, zitwange na mifupa yake yote ziwe unga, utie kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja kwenye uji au kwenye bugali laini wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Mifupa ile ndiyo inajenga mifupa yake. Usitie chumvi, zinayo tayari.

Mwezi ujao tunataka kuandika juu ya ubuswage, ule muhogo unaofungwa kwenye majani na kubebwa safarini. Kati yetu hakuna anayeuweza vizuri. Mwenye mama, shangazi au jirani anayeujua, atume neno kwa njia ya basi la Karuzi kama kawaida, aseme siku ngapi za kuloweka, na yuko mlimani au bondeni. Na kama kuna mtu anauza kinu kizuri cha mti mgumu, sisi wa Magarama tunakitafuta. Chetu kimepasuka Jumamosi iliyopita, sombe ikiwa nusu.