Kabla ya Kutoa Jina



Jino likituuma, wengi wetu husema, "Lina wadudu." Neno moja latosha kuwahukumu wote. Kumbe katika vinywa vya wanadamu zimekwisha kutambuliwa spishi zaidi ya 700 za bakteria, na nyingi kati yake hukaa nasi kwa amani.

Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Katika barua ya mwaka 1683 alieleza jinsi alivyoona humo viumbe hai wakitembea. Aliwaona, kuwatambua mmoja mmoja ni kazi inayoendelea hadi leo.

Mtafiti anayedai amepata spishi mpya hulinganisha vinasaba vyake na vya spishi zinazojulikana, huiotesha maabara, huihifadhi katika nchi mbili tofauti ili wengine wahakiki, ndipo huipa jina la Kilatini. Nyingi zisizotimiza hayo hubaki na namba tu. Bakteria wa kundi la TM7 walijulikana kwa vinasaba tu tangu miaka ya 1990. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamemwotesha mmoja wao kutoka kinywani. Kumbe huishi amejishikiza juu ya bakteria mwingine. Ilibidi waoteshwe pamoja.

Wapo wanaosema frateri hana haja na biolojia, falsafa na teolojia zinamtosha. Hatukubaliani nao. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia Adamu akiletewa wanyama awape majina, na kazi hiyo haijaisha. Tena ina nidhamu ambayo sisi wenyewe tunaihitaji.

Ni mara ngapi katika jumuiya zetu tumempa mtu jina, mlevi, mkaidi, mchawi, kabla ya kujua anaishi na nani na anabeba mzigo gani? Katika Kanda ya Ziwa, jina la mchawi limewagharimu vikongwe uhai wao. Kiumbe asiyeonekana kwa macho hapewi jina bila ushahidi uliohakikiwa. Bibi kizee jirani yetu hupewa kwa uvumi wa jioni moja.

Tuanze hapo, mafrateri na waamini: tusitoe jina tusilolihakiki, na anapotajwa mtu mbele yetu, tuulize kwanza nani amemtembelea.