Afya: Ekografia kabla ya sindano ya mgongo, je, inasaidia kweli?

Katika hospitali nyingi za mashariki mwa Kongo, mama anayepasuliwa ili ajifungue hudungwa sindano ya mgongo. Anabaki macho, lakini kuanzia tumboni hadi miguuni hasikii maumivu. Njia hii haiombi mashine kubwa, na mara nyingi ina hatari chache kwa mama kuliko kulazwa usingizi kabisa.

Tatizo ni tansio. Dawa hiyo inazima pia neva zinazobana mishipa ya damu. Mishipa inapanuka, damu inabaki miguuni, na moyo unapokea kidogo. Bila kinga, zaidi ya nusu ya wamama wanaopasuliwa hivyo wanaweza kushuka tansio. Mama anapata kizunguzungu na kutapika. Ikidumu, mtoto naye anakosa hewa ya kutosha tumboni.

Ndiyo maana watafiti wa nchi mbalimbali wanajaribu ekografia kabla ya sindano. Daktari anaangalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mgonjwa akivuta pumzi na mshipa ukajifunga karibu nusu ya upana wake, hiyo ni alama kwamba damu mwilini inaweza kuwa haitoshi. Basi anaongezewa serumu kwanza.

Hata hivyo, matokeo ya tafiti hayafanani. Kwa mjamzito jambo ni gumu zaidi: akilala chali, tumbo lenyewe linakandamiza mshipa huo, na picha inaweza kudanganya.

Mwaka 2018, wataalamu wa kimataifa walishauri mama yeyote anayepasuliwa kwa sindano ya mgongo apewe dawa ya kupandisha tansio mapema, bila kungoja ishuke. Efedrini, mojawapo ya dawa hizo, imo katika orodha ya dawa za lazima ya OMS. Ikiwa kila mama anakingwa, kutabiri nani atashuka kunapoteza sehemu ya maana yake.

Kwa hospitali yenye pesa kidogo, hesabu iko wazi. Efedrini, serumu, mashine ya kupima tansio kila dakika na muuguzi wa anestezia asiyeondoka kando ya mgonjwa vinakuja kwanza. Ekografia inaweza kufuata, hasa kwa wazee na waliopungukiwa maji, lakini picha nzuri isiwe sababu ya kumnyima mama kinga.