Sarafu za kale na tanuri la vyuma chakavu

KATIKA vibanda vya vyuma chakavu vya Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, shaba haiulizwi ilikotoka. Huulizwa uzito wake. Kufuli mbovu, mfereji uliovunjika na kipande cha waya huingia gunia moja, na sehemu ya shaba hiyo huishia mikononi mwa mafundi wa Kibera ambao wamejijengea sifa kwa kuiyeyusha na kuifua mapambo ya shingoni na masikioni. Ni kazi halali na ya ustadi. Lakini iwapo ndani ya gunia hilo itakuwamo sarafu kuukuu iliyoliwa na kutu ya kijani, hakuna mtu katika biashara hiyo mwenye sababu ya kusita kabla ya kuitia motoni.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii ni ya wasomi wasio na kazi. Hata hivyo, ardhi ya Afrika Mashariki haikosi sarafu za kale. Mwaka wa 1888 kampuni ya Imperial British East Africa, iliyotangulia serikali ya Uingereza katika utawala wa eneo hili, ilitoa pesa ya shaba yenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Mwaka wa 1984, katika kisiwa cha Mtambwe Mkuu huko Pemba, palifukuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu. Mwaka wa 2013 sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, yenye tundu la mraba katikati, ilipatikana Manda, kaunti ya Lamu.

Na Waroma je? Kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus, kinaeleza safari kutoka Misri iliyokuwa chini ya Roma hadi Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani hii. Misri hiyo ilikuwa na sarafu zake yenyewe, zilizopigwa Alexandria: kichwa cha Kaisari upande mmoja, mungu au mnyama upande wa pili, na maandishi ya Kigiriki badala ya Kilatini. Miji mingine mingi ya mashariki mwa dola hiyo ilipiga shaba yake vivyo hivyo. Sarafu za namna hii ndizo wataalamu huziita za majimbo, na baadhi yake zimesalia chache mno duniani.

Tukio linalojulikana zaidi la sarafu kama hizo katika eneo hili ni la mwaka wa 1912. Kapteni C. W. Haywood alisema aliziokota Port Durnford, mahali panapoitwa Bur Gao, kusini mwa Somalia ya leo. Wakati huo Jubaland ilikuwa bado sehemu ya himaya iliyokuja kuwa Kenya. Waitalia walikabidhiwa mwaka wa 1925. Katika fungu hilo mlikuwa na sarafu za wafalme wa Kiptolemaio wa Misri, za makaisari wa Roma, na nyingine za Kiislamu zilizopigwa karne nyingi baadaye. Uchunguzi wake ulichapishwa mwaka wa 1932, miaka 20 baada ya kuokotwa.

Hapo ndipo penye kitendawili. Akiba ya mtu mmoja haiwezi kukusanya fedha za zaidi ya miaka 1,000. Je, zilizikwa hapo na mabaharia wa kale, au zililetwa baadaye na msafiri aliyezinunua Misri? Tabaka la udongo halikuandikwa, wala vitu vilivyolala kando yake havikuhifadhiwa pamoja nazo. Hivyo sarafu ambazo zingeweza kuwa ushahidi mkuu wa biashara ya Roma na pwani yetu hazithibitishi lolote, ilhali zile za Mtambwe, zilizofukuliwa kwa utaratibu, zimewafunza wanahistoria mengi kuhusu watawala na biashara ya karne ya 11.

Kuitambua sarafu yenyewe si uchawi. Hupimwa uzito kwa gramu na upana kwa milimita, hutazamwa iwapo pande mbili zimeelekeana juu au zimepinduana, kisha herufi zilizosalia hulinganishwa na orodha zilizochapishwa. Zile za Alexandria aghalabu huwa na alama inayofanana na L ikifuatwa na herufi ya Kigiriki, yaani mwaka wa utawala wa Kaisari. Bandia iliyomiminwa kalibuni mara nyingi huwa na vitundu vya hewa na mshono ukingoni. Kosa kubwa ni kuisugua kwa waya au ndimu ili ing'ae, kwani ukoko wa kijani ukiondoka herufi huondoka nao. Hayo yote mtaalamu anaweza kuyafanya hata miaka 100 baadaye. Asichoweza kukirudisha ni mahali ilipookotwa.

Sheria ya Kenya inalijua hilo kwa nusu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895, na inamtaka anayegundua kifaa cha kiakiolojia aiarifu Makumbusho ndani ya siku 7 na kukikabidhi. Kwa hiyo pesa ya Mombasa ya 1888 ni kitu cha kale kisheria, ilhali shaba ya Kaisari Trajan iliyoletwa na mlowezi mfukoni mwake mwaka wa 1950 si cha kale, ingawa umri wake ni miaka 1,900. Ni nani atakayejua tofauti ikiwa mwokotaji amenyamaza?

Naye ana kila sababu ya kunyamaza. Biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku na Rais Uhuru Kenyatta Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikaruhusiwa tena baadaye mwaka huo kwa masharti. Tangu hapo mwenye gunia ameshazoea kutazamwa kama mshukiwa. Kumwambia kwamba kitu alichookota ni mali ya serikali, na kwamba kukaa nacho ni kosa, ni kumwonyesha njia ya tanuri, au ya dalali atakayeitorosha sarafu hiyo ng'ambo.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka wa 1997 maafisa wake wa mikoani huandikisha vitu vinavyookotwa na raia. Sarafu moja ya shaba ya Kiroma hupigwa picha, hupimwa, mahali ilipopatikana huandikwa, kisha kwa kawaida hurudishiwa aliyeileta. Rekodi hizo sasa zimepita milioni moja. Kenya haihitaji mashine ya ajabu kufanya hivyo. Inahitaji kurekebisha sheria ili shaba mojamoja iandikishwe bila kutwaliwa, na afisa mmoja mwenye mizani ndogo na kamera atakayeketi Kibera siku moja kila mwezi. Makumbusho yako Museum Hill, matatu mbili tu kutoka Kisumu Ndogo, lakini mwenye gunia hatafunga safari hiyo kwenda kunyang'anywa.