Jembe Si Fidia, Lakini Tulishike

FUNGURUME. Wenyeji na wageni, ninyi mlioletwa hapa na kazi, ninyi mlioletwa na vita, na ninyi mlioshushwa hapa na kamioni pamoja na mabati yenu, leo nataka tugombane kidogo. Ugomvi wenyewe ni juu ya ule udongo ulio nyuma ya nyumba yako.

Ulianza kwenye foleni ya maji, asubuhi, bidoni zikiwa zimepangwa. Mama mmoja ambaye mashamba yake yalimezwa na mgodi alisema kwa sauti: "Waliniondoa kwenye shamba la mahindi, leo wananiambia nipande matembele mlangoni. Sipandi!" Watu walimpigia makofi. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake, mtu aliyefanya kazi ya kompani maisha yake yote, akamuuliza polepole: "Mama, jioni utapika hayo makofi?" Foleni yote ilicheka, isipokuwa mama mwenyewe.

Tangu siku ile maneno hayo mawili hayanitoki kichwani. Mama ana haki. Mzee naye ana haki. Lakini katika mitaa yetu tumezoea kuchagua upande mmoja na kuunyamazisha mwingine. Ninaandika nikisema yote mawili pamoja: tulime nyuma ya nyumba zetu, tena kwa bidii kuliko sasa, na mtu yeyote asithubutu kuihesabu bustani hiyo kama malipo ya shamba alilotunyang'anya.

Nianze na mama, kwa sababu ana kidonda.

Neno "lima" kutoka juu tumelisikia miaka mingi. Wabelgiji walitoa amri mwaka 1917: kila kijiji kilime mazao ya lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka, na asiyelima aliadhibiwa. Mobutu akaja na salongo, watu wakashika majembe kwa kuogopa. Mwaka 2008 gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, aliziagiza kompani za madini zilime mahindi, kila moja hekta 500. Leo hii ninaandika, na gunia la unga lililo dukani kwa jirani yangu bado linatoka Zambia. Basi mtu wa Fungurume akisikia mkubwa anasema "lima", ana haki ya kuuliza: nilime wapi?

Maana ardhi tunajua ilikokwenda. Konsesheni ya Tenke Fungurume peke yake ina kilomita za mraba karibu 1,600. Wakati mgodi ulipojengwa, kabla shaba ya kwanza haijatoka mwaka 2009, vijiji vilihamishwa. Kule Kolwezi hadithi ni ileile: Septemba 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hukohuko Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu waliotolewa kwenye nyumba na mashamba ili migodi ya shaba na kobalti ipanuke. Dunia inataka betri za magari. Sawa. Lakini betri ile imeota mahali palipokuwa pakiota muhogo.

Sasa tufanye hesabu, tusidanganyane. Tuseme lupango lako lina nafasi ya bustani ya mita 5 kwa mita 6. Hizo ni mita za mraba 30. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Aliyepoteza hekta moja akapewa ushauri wa kulima nyuma ya nyumba, ameambiwa aridhike na sehemu moja kati ya 333. Bustani inatoa mboga. Haitoi bukari. Haitoi gunia la kuuza ili mtoto alipiwe masomo. Haimpi kijana urithi.

Kwa hiyo, mtu akikaa mbele yako na karatasi, akakuambia "tuliwapa mbegu za kabichi, tuliwafundisha bustani, sasa mambo yamekwisha", usitie sahihi. Sheria ya madini, namba 18/001 ya Machi 9, 2018, inamdai mwenye mgodi alipe fidia na kuwaweka vizuri watu anaowahamisha. Sheria hiyohiyo inadai 0.3% ya mauzo ya kila mwaka iende kwenye maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Mbegu ya kabichi ni zawadi. Shamba ni deni. Zawadi haifuti deni.

Mpaka hapo, mama, niko nawe. Lakini sasa nageuka upande wa mzee, na nakuomba unisikilize kama nilivyokusikiliza.

Sisi watu wa shaba tuna ugonjwa mmoja wa zamani, nao ni kungojea. Union Minière iliwapa babu zetu mposho: unga, samaki, mafuta, vyote kwa kipimo cha watu wa nyumbani. Gécamines iliendelea hivyo. Mtu alihesabu siku za mposho kama mkristo anavyohesabu Noeli. Halafu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka, na Gécamines yenyewe ikafuata. Kompani iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikawa haiwezi kulipa mshahara. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa pesa kidogo wakaambiwa waende nyumbani.

Waulizeni wazee wa Kolwezi na Likasi nani alilisha watoto miaka ile. Si injinia. Ni mama aliyetoka saa kumi na moja asubuhi na jembe begani. Baba alikuwa bado anangojea mposho. Mama alikuwa ameshavuna sombe.

Leo tunangojea kitu kingine. Tunangojea bei ya kobalti. Mwaka 2018 tani moja ilifika karibu dolari 95,000. Mwaka uliofuata ilishuka mpaka karibu na 30,000. Juni 2019 askari waliletwa hapa kwetu kuwaondoa wachimbaji wa mikono kwenye konsesheni, na nyumba ngapi zililala njaa wiki ile? Februari 2025 Leta ilifunga kupeleka kobalti inje kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda, mpaka Oktoba ilipoleta mpango wa kila kompani kupewa kiasi chake. Leta ilikuwa na sababu zake, bei ilikuwa imeanguka sana. Lakini sufuria yako haina sababu. Inataka kitu ndani kila jioni.

Na unga je? Februari 29, 2024, Zambia ilitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mahindi yao yakawa ya kwao kwanza, nani atawalaumu? Sisi huku tukaangalia njia ya Kasumbalesa kama mtoto anayengoja mama aliyechelewa sokoni. Nchi yenye mvua kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili inaomba unga kwa jirani! Hiyo ni aibu ya wakubwa, ndiyo. Lakini kununua lengalenga sokoni kila siku, wakati lengalenga inavunwa wiki tatu au nne baada ya kupanda, hiyo ni aibu yetu wenyewe. Pesa iliyobaki kwenye mboga ndiyo inayoongeza meka ya unga.

Najua mtanijibu. Jibu la kwanza: "Tutahamishwa tena, kwa nini nipande?" Ninalielewa hasa kwa familia zilizokwisha kuhama mara mbili, na kwa wandugu waliokimbia Kasai wakati wa Kamuina Nsapu, miaka ya 2016 na 2017. Lakini sikusemi upande mti wa avoka. Matembele hayaombi hati ya lupango. Unakata kipande, unakichomeka, na siku ukihamishwa unabeba vipande vingine ndani ya mfuko. Tena ukiondolewa na bustani ikiwa imeota, kuna kitu cha kuhesabiwa, cha kupigwa picha, cha kuandikwa. Majani ya porini hakuna anayeyalipa. Lima, piga picha, andika tarehe.

Jibu la pili ni zito zaidi: "Udongo wetu una sumu." Hapa sicheki na mtu. Wataalamu wa mimea wamekuja kwenye vilima vya Fungurume kwa miaka mingi kuona maua yanayoota juu ya shaba, mahali ambapo mimea mingine inakufa. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji na wenzao wa Lubumbashi walichapisha kazi juu ya kobalti inavyoingia mwilini mwa watu wa Katanga. Kwa watu wazima walioko karibu na viwanda, njia kubwa ilikuwa chakula, hasa mboga za palepale. Kwa watoto, vumbi lilikuwa na sehemu yake. Kwa hiyo anayekuambia "lima tu", halafu hazungumzi juu ya vumbi na mto, anakupa nusu ya neno.

Lakini nusu nyingine iko pia mikononi mwetu. Usimwagilie kwa maji ya kijito kinachopita chini ya kiwanda. Usipande kando ya barabara ya makamioni. Chukua yale magunia matupu ya unga wa Zambia, yajaze udongo uliotolewa mbali na vilima vya shaba na mbali na viwanda, changanya na mavi ya mbuzi yaliyokaa na maganda ya jikoni yaliyooza, panda humo. Mbolea ya namna hiyo na chokaa kidogo vinasaidia kuzuia madini yasipande kwenye mmea. Majani yanashika madini kuliko matunda, kwa hiyo changanya: nyanya, bamia, bilinganya, si majani peke yake. Na osha mboga kwa maji safi, mara mbili, kwa sababu vumbi linakaa juu ya jani. Hayo hayaondoi hatari yote. Yanaipunguza, na kazi ya kuimaliza ni ya yule aliyeileta.

Jibu la tatu: "Maji hakuna." Kweli, wakati wa kipwa bidoni moja ni vita. Maji ya kuoshea mboga na mchele yasimwagwe barabarani, yaende kwenye magunia. Lakini bidoni haitoshi, na hapa ndipo ile 0.3% inapotakiwa kuonekana. Wale wanaotuwakilisha kwenye pesa hiyo waulizwe, mtaa kwa mtaa: visima vingapi, na je, maji yake yamepimwa? Bustani inayolimwa inatupa nguvu ya kuuliza. Mtu mwenye magunia kumi yanayokauka anauliza kwa ukali kuliko mtu aliyekaa tu.

La nne ninyi hamlisemi, basi nitalisema mimi: mbuzi wa jirani, na mkono wa jirani. Bustani nyingi katika mtaa wetu hazikufa kwa kobalti. Zilikufa kwa mbuzi anayetembea bila mwenyewe na kwa kijana anayevuna usiku asichopanda. Mimi mwenyewe, msimu uliopita, nililipa mtu kunipigia ugo wa miti. Kabla mvua haijaisha, miti yangu ilikuwa imekwisha kuwaka ndani ya mbabula ya mtu. Nilinuna, nikaacha. Nilikosa. Ningekwenda kwa shefu wa avenyu, tungekaa, tungekubaliana mbuzi afungwe na mwizi wa mboga aitwe mwizi. Hilo halitaki kompani wala Leta.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hilo tunawatupia sana familia zilizokuja kwa kukimbia. Lakini jembe bila ardhi ni mti wenye chuma tu. Wenyeji wenye lupango kubwa, mna kona mnayotupia taka. Mpe jirani aliyekuja na mikono mitupu aisafishe, apande, mgawane. Hiyo ndiyo siku ya tatu.

Mama wa kwenye foleni, ukinisoma au ukisomewa: usiache kudai shamba lako. Dai mpaka wachoke kukuona. Lakini ukienda kwenye mkutano wa kudai, nenda umekula. Wanaotaka tusaini haraka wanajua vizuri kwamba mwenye njaa hasomi karatasi mpaka mwisho. Magunia manne ya mboga mlangoni kwako hayatarudisha hekta yako, lakini yatakupa muda wa kusema "hapana" mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Mvua hainongoji mimi wala kompani. Vipande vya matembele viko kwangu, bure. Njoo na mfuko.