Nani Atalipia Subira ya Kijana?

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, nilifundisha darasa lililokuwa na wachezaji watatu wa timu ya chuo. Mmoja wao, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ule wa kofia ngumu ambao sisi tuliokulia kwenye soka huchukua muda kuuelewa. Miaka mitatu alifanya mazoezi kila alfajiri na kusugua benchi kila Jumamosi. Mwaka wa nne alianza mechi zote. Nilimuuliza ni nini kilichobadilika. Akasema mwili ni uleule. Ila sasa alijua jirani yake wa kushoto atafanya nini kabla hajakifanya.

Jibu lile hunirudia kila ninaposikia mjadala wa usajili katika vyuo vya Marekani. Kila mwaka wanafunzi wa sekondari hupangwa kwa nyota, wa juu kabisa wakipewa tano, na mashabiki husherehekea siku ya kutia saini kana kwamba kombe limekwisha kuletwa nyumbani. Kipaji kina uzito wake, na vyuo kama Alabama, Georgia na Ohio State vimetawala kwa muda mrefu kwa sababu vinasajili vizuri kuliko wengine. Lakini kipaji kibichi hakitoshi. Mwaka 2022 Texas A&M ilisajili kundi la vijana lililopewa alama za juu kuliko kundi lolote kabla yake. Msimu huohuo ilishinda mechi 5 na kupoteza 7, mojawapo nyumbani kwake dhidi ya Appalachian State. Mwaka uliofuata kocha Jimbo Fisher alifukuzwa, na chuo kikabaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwa kuvunja mkataba wake.

Linganisha na Michigan, bingwa wa msimu wa 2023. Ubingwa ule una doa la kashfa ya kunasa ishara za wapinzani, nami silifichi. Hata hivyo, kikosi chenyewe kilikuwa cha wakongwe. Blake Corum, ambaye angeweza kwenda kucheza kwa kulipwa, alirudi chuoni kwa mwaka wa nne, na ndiye aliyefunga mara mbili katika fainali dhidi ya Washington. Timu ilishinda mechi zote 15, kisha wachezaji wake 13 wakachaguliwa na klabu za kulipwa.

Lakini tujiulize: zamani ukongwe wa namna hiyo ulipatikana kwa gharama ya nani? Kwa miongo mingi, mchezaji aliyehama chuo kwa kawaida alilazimika kukaa nje ya uwanja msimu mzima, huku kocha akihama leo na kuanza kazi kesho kwa mshahara mnono. Mchezaji hakuruhusiwa kulipwa hata kwa kutumia jina lake mwenyewe. Subira ile haikuwa fadhila, ilikuwa kifungo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura zote 9, katika shauri la Alston, kwamba NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakiko juu ya sheria za ushindani. Mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na kuhama mara moja bila adhabu. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia sehemu ya mapato, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Naunga mkono haki hizi bila kusita.

Kinachonisumbua ni namna vyuo vilivyoitikia. Badala ya kulea, vinanunua uzoefu uliokwisha kuiva. Curt Cignetti alipotoka James Madison kwenda Indiana, wachezaji zaidi ya kumi walimfuata. Indiana iliyoshinda mechi 3 mwaka 2023 ikashinda 11 mwaka 2024. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mafanikio yale ni halali, lakini aliyewalea wachezaji wale alibaki na pengo. Na kijana wa miaka 18 anayehitaji miaka mitatu ili aive sasa anahesabiwa kuwa gharama. Kocha anayeweza kumpata mtu wa miaka 22 aliye tayari, amsubiri wa nini? Makubaliano ya 2025 yaliweka pia ukomo wa wachezaji 105 kwa kikosi. Vyuo vikaanza kuwaondoa vijana hata kabla hayajaidhinishwa, mpaka Jaji Claudia Wilken alipotaka walioathirika waweze kurejeshwa bila kuhesabiwa katika ukomo huo.

Wapo wanaotaka minyororo ya zamani irudishwe ili timu zitulie. Nawapinga. Anayetaka subira ya kijana na ailipie. Chuo kinachomsajili kijana kimpe dhamana ya maandishi ya kugharimia masomo yake hadi shahada, hata kocha akibadilika, hata akipoteza namba kikosini. Na chuo tajiri kinachomchukua mchezaji kutoka chuo kidogo kilipe fidia ya malezi. Soka la dunia lina utaratibu wa aina hiyo chini ya FIFA tangu 2001. Wapo watakaosema fidia itamfunga mchezaji upya. Hoja hiyo ni ya msingi, na ndiyo maana fidia iwe ndogo, ya kiwango kilichowekwa wazi, na isikatwe kutoka katika malipo yake.

Wasomaji wangu mnaoketi kwenye kamati za ajira mnaujua ugonjwa huu. Tangazo linataka uzoefu wa miaka mitano, na hakuna ofisi inayokubali kuwa ya kwanza kuutoa.

Mwanafunzi wangu yule alihitimu. Timu yake haikutwaa kombe lolote mwaka ule, lakini aliondoka na shahada na miaka minne ya kujifunza kazi yake. Kwa utaratibu wa leo, sina hakika kama angefika mwaka wa pili.