Toa Hiyo Kapeti, Gari Si Sebule

Wacha niseme mapema ndio wenye hasira waanze mapema pia: kama uko na 4x4 ya kutoa paa, na ndani umetandika kapeti, wewe huna gari. Uko na sponji ya magurudumu manne.

Najua inauma. Naongea kama mtu aliyeumwa.

Mimi na marafiki wawili tulichanga doh karibu mwaka mzima tukanunua Suzuki SJ410 ya paa la turubai, ile ndogo ya pembepembe yenye injini ya cc 970. Modeli hiyo ilianza kutengenezwa 1981, na hii yetu imetuzidi umri sisi wote watatu. Tulikuwa na haraka ya kuipendezesha. Kabla hatujagusa breki, kabla hatujaangalia hata kama waipa zinafanya kazi, tuliipeleka ikavalishwa ndani: kapeti nyeusi nzito kutoka mlango hadi mlango, chini yake ile pamba nene ya kukata kelele, viti vya kitambaa, spika mbili nyuma. Jamaa aliyetuuzia kapeti alituapia kwamba hiyo "haishiki maji". Picha zilitoka kali, manze. Hiyo ilikuwa Februari.

Halafu mvua ndefu ikaingia. Mnajua mvua ya Nairobi haina adabu, asubuhi jua linakuchoma shingo, saa kumi jioni mitaro imejaa. Mara ya kwanza ilitupata Ngong tukiwa wazi kabisa, paa limekunjwa nyuma, zipu moja imegoma. Tulicheka. Tuliimba hata. Tukafika nyumbani tumelowa, tukafunika gari na karatasi kubwa ya plastiki, tukafunga na kamba kila kona mpaka upepo haungeingia, tukaenda kulala tukijisifu.

Jumapili tulipoifunua, harufu ilikuwa kama soksi za Form One siku ya kufunga shule. Tukaipeleka kuoshwa. Wakapiga kapeti sabuni na maji ya presha, wakatia manukato ya stroberi, wakatupa gari likiwa linanuka stroberi iliyooza. Na hapo ndipo nataka mnisikize: tulikuwa tumelipa mtu aongeze maji juu ya maji. Tulirudia huo ujinga mara nne.

Mwezi wa saba tulikuwa tunajiandaa kushuka Mai Mahiu. Tumejaza mafuta, tumebeba maji na mandazi. Rafiki yangu kwa kiti cha mbele akavuta mkanda ajifunge. Mkanda ukaja. Wote. Ukaja na bolti yake ya chini, na bolti ikaja na kipande cha sakafu cha ukubwa wa kiganja, rangi ya chai ya rangi. Tulikaa tumenyamaza tukikiangalia. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Kila mtu alikuwa anafikiria ile teremko, na lori zinazoshuka pale zikiwa na breki za maombi.

Fundi tuliyempelekea hakusema mengi. Alikata kapeti na kisu, akachukua bisibisi, akaanza kudunga sakafu polepole kama mtu anayeangalia kama keki imeiva. Mahali pa kwanza ikaingia. Pa pili ikaingia. "Vijana," akasema, "hii gari mmekuwa mkiiosha juu, inaoza chini." Kutu ilikuwa imeanza kitambo kabla yetu, hiyo alikubali. Sisi tulichofanya ni kuipa maji na kuifunika blanketi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja, na mtu yeyote aliye na gari la hivi anaweza kuniletea ubishi: hutawahi kuzuia maji kuingia gari lisilo na paa la chuma. Achana na hiyo ndoto. Yataingia kwa zipu, kwa mshono wa turubai, kwa pembe ya juu ya kioo cha mbele, kwa viatu vyako. Kazi yako si kuyazuia. Kazi yako ni kuhakikisha yakiingia yanapata njia ya kutoka, na kilichobaki kinakauka haraka. Pesa yote inayoenda kwa kuzuia, na hakuna inayoenda kwa kutoa, ni pesa imemwagwa.

Kapeti inafanya kinyume cha hayo yote. Juu inakauka, unaigusa na mkono unasema iko fiti. Chini, ile pamba imeshika maji wiki mbili, imeyalaza juu ya chuma, hewa haifiki. Chuma kikiwa na maji na hewa kidogo tu ya kutosha, rangi ikiwa na mkwaruzo mmoja, kutu haiombi ruhusa. Na inaanzia mahali ambapo huoni: kwenye pembe, kwenye maungio, chini ya reli za viti, kando ya bolti za mikanda. Yaani vile vitu vinavyokushikilia siku ya ajali ndivyo vinaoza kwanza.

Si mimi niligundua hii. Waliotengeneza haya magari walijua. Zile Jeep za vita za 1941 zilikuwa na viti vya turubai na tundu la kutolea maji sakafuni. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na paa la turubai na sakafu tupu, kwa sababu ilitengenezewa mkulima mwenye matope miguuni. Hata Jeep Wrangler za siku hizi, na bei yake yote, zinakuja na vizibo vya kutolea maji sakafuni na kapeti ambayo unaweza kuing'oa. Mtengenezaji mwenyewe anakuambia italowa! Na kama hutaki mambo ya ng'ambo, angalia Land Cruiser za kupeleka wageni Maasai Mara. Viti vya plastiki ya kupanguza, raba chini, pembeni turubai ya kukunja. Watu wanaoishi ndani ya magari wazi hawana kapeti. Kapeti ni ya sisi tunaopiga picha.

Sasa, kuna mtu ataniambia bila kapeti gari linapiga kelele na sakafu inachoma mguu. Ni ukweli, sikatai. Ya kwetu ukiendesha kilomita 80 kwa saa huwezi kuongea na mtu wa nyuma, na karibu na gia mguu wako unaiva. Tumeweka mikeka ya raba yenye vijumba chini, imeinuka kidogo, maji yanapita chini yake na unaitoa kwa sekunde tano kuikung'uta. Kelele tumezizoea. Huyo wa nyuma pia hakuwa anaongea kitu cha maana.

Ukishatoa kapeti, angalia sakafu yako. Magari mengi ya chuma yana vitundu vilivyozibwa na vizibo vya raba, viliachwa kiwandani ndio rangi ichuruzike gari likichovywa. Hivyo ndivyo milango yako ya maji. Mvua ikishakupiga na umeegesha, toa vile vya chini zaidi, acha maji yaende, panguza, acha wazi mpaka pakauke, rudisha. Lakini usije ukasema nilikudanganya: kabla ya kupita barabara iliyofurika, vizibo viwe mahali pake, la sivyo maji yataingia kutoka chini na hapo utakuwa unaendesha karai. Na kwa gari la kisasa angalia kwanza nyaya zimepita wapi. Nyingi zimelazwa sakafuni, na vitu vya umeme vya bei mbaya hupenda kufichwa chini ya viti.

Kuhusu kupaka ile rangi nzito ya mpira wanayopaka lori nyuma, tulia. Ni nzuri sana juu ya chuma safi. Juu ya kutu ni kapeti nyingine tu, na hii huwezi kuing'oa. Fundi wetu alikwaruza mpaka chuma kikang'aa, akakata kilichooza, akachomelea bati jipya, na pale kwa bolti za mikanda akaweka kipande kinene zaidi upande wa chini. Ikatoka shilingi 18,500. Kapeti ilikuwa imetugharimu 14,000. Fanya hesabu mwenyewe uone tulinunua nini.

Viti sasa. Hapa mwalimu wetu ni mtu wa bodaboda. Hujawahi kumuona na kiti cha kitambaa. Kiti chake ni cha plastiki ngumu, na mvua ikikatika anapanguza na kitambaa mara moja, twende. Shida ya kiti si ngozi ya juu, ni sifongo ya ndani. Maji yanaingia kwa matundu ya uzi, yanakaa humo, na siku tatu baadaye unakaa na suruali ya ofisi unashangaa nani amekumwagia. Tulivua vitambaa tukashona plastiki ile ya viti vya matatu, na fundi akaweka mishono pembeni badala ya katikati unapokalia. Ukilowesha kiti, kiinamishe mbele, usikiache kimelala na dimbwi juu. Tena usisahau chini yake. Sisi tulipata huko noti ya mia mbili imeota ukungu wa kijani.

Turubai lenyewe watu hulionea. Usilikunje likiwa limelowa ukaliacha wiki nzima, litaota madoa meusi ambayo hayatoki. Likilowa, lifungue lote, lianike kwa gari hapohapo. Lioshe na maji na brashi laini. Sabuni kali ya unga inatoa ile dawa ya kuzuia maji, halafu unalaumu turubai. Kama ni la pamba na ni jipya, usishtuke likivuja kidogo kwa mishono mvua ya kwanza. Nyuzi zinavimba zikilowa, zinajaza matundu, ya pili na ya tatu inakuwa nafuu. Dirisha za plastiki usizipanguze zikiwa na vumbi, mwaga maji kwanza, la sivyo baada ya mwezi utakuwa unaangalia Thika Road kama uko ndani ya chupa ya maziwa.

Na kitu kingine cha mtaani: usiache chochote ndani. Mwizi hahitaji kuvunja, anahitaji wembe. Atachana turubai kwa sababu ya chaja ya elfu moja, na mvua ya usiku itamaliza kazi. Ya kwetu tunaiacha tupu kabisa, mpaka redio tunaitoa. Anayetaka kuangalia aangalie.

Halafu ile karatasi ya kufunika. Sisemi usifunike. Nasema usifunike gari lililolowa na kitu kisichopumua. Asubuhi jua likiwaka, maji yaliyo ndani yanapanda, yanagonga plastiki, yanarudi chini kama mvua yako binafsi. Kausha kwanza. Halafu ukifunika, inua katikati na fito au kamba iliyokazwa ndio maji yateleze pembeni, kwa sababu plastiki ikilala inatengeneza bwawa, na bwawa litatafuta tundu. Acha nafasi pembeni upepo upite. Kama unaegesha chini ya mabati ya mtu kwa shilingi mia kwa usiku, hiyo mia ni bora kuliko kifuniko chochote utakachouziwa.

Kwa nini nalia hivi juu ya kagari kazee? Kwa sababu huwezi kuliagiza lingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo hizi za zamani zilizobaki ndizo zilizoko. Injini utapata, gia utapata, ukizunguka Grogan na Kirinyaga Road na subira. Mwili ukioza, hakuna duka la mwili. Na kila Sierra ninayoiona ikiuzwa siku hizi imevalishwa kapeti mpya, safi, nyeusi. Nikiiona nauliza swali moja tu: naweza kuinua kona? Muuzaji akianza kueleza vile imegundiwa vizuri, narudi nyumbani. Ukienda kununua, beba bisibisi. Vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote, kama mtu anayevuta mbuzi, kabla ya kuuliza bei.

Sisi sasa kila Jumamosi tukitoka porini tunatoa mikeka, tunafungua vizibo, tunapiga maji ndani kama mtu anayeosha choo cha shule, tunaacha milango wazi tukinywa chai. Nusu saa. Haina harufu ya stroberi. Inanuka raba na petroli kidogo.

Mmoja wetu bado anabisha kwamba tungebakisha kapeti ya mbele tu, ya madoido. Tulimpa. Iko kwa balkoni yake huko Umoja, ameianika tangu mwezi wa saba, na juzi alinitumia picha: chini bado imelowa, na paka wa jirani amekataa kuilalia.